Sumaku

Kazi yangu ilikuwa kufuta.
Miaka kumi na tisa katika chumba cha kanda,
ghorofa ya chini, dirisha hakuna,
mimi na sumaku nzito kama pasi ya mkaa
na orodha iliyopigwa taipu kila Ijumaa.
Kanda zilikuja kwa meli, bei yake haishikiki,
basi mchezo wa juma jana uliupisha mpira wa juma hili:
unaweka, unabonyeza, sumaku inanguruma,
unahesabu hadi thelathini,
na watu wote waliokuwamo wanatoka
bila kufungua mlango.

Kaka yangu Kilonzo aliwahi kuwamo.
Mlinzi wa lango, Jumatano, saa mbili na nusu usiku.
Mstari mmoja tu: "Mkubwa hayupo, rudini kesho."
Siku tatu aliiambia sufuria, akamwambia paka,
akamwambia mama, naye mama akauliza, "Mkubwa gani?"

Makongeni, mstari wetu wa nyumba, televisheni ilikuwa moja,
kwa Ombasa, fundi wa reli.
Watu hadi dirishani, kidevu juu ya bega la jirani.
Mwanawe Ombasa yuko juu ya mabati
ameishika antena kama mbuzi mkaidi pembeni.
"Geuza! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!"
Kijana hakupumua. Chenga zikatulia.
Kilonzo akakohoa, akalishika lango, akasema lake,
na chumba kizima kikaitikia: "Rudini kesho!"
Tangu usiku ule hilo likawa jina lake.
Hata waliomdai walimwita hivyo,
na ndivyo alivyowajibu.

Mwezi uliofuata nikaikuta kwenye orodha.
Namba 4417, irekodiwe hotuba.
Sikumwambia mtu. Niliweka, nikabonyeza,
nikahesabu hadi ishirini na tisa,
nikasita,
thelathini.

Mawimbi ya zamani yalipozimwa, Kilonzo alikuwa kitandani,
runinga imekuwa kabati la vumbi.
Nilishuka Luthuli nikanunua king'amuzi,
nikakichomeka, vituo vikamwagika kama mtama.
Aliniuliza, "Na ule wangu, utarudiwa lini?"
Nikamwambia kesho.

Sasa ni zamu ya mjukuu wake, Mumbua.
Anatengeneza vipindi Pipeline, ghorofa ya saba,
kwa simu aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio.
Mwenye nyumba ni yeye akijitanda leso,
mpangaji ni yeye akivaa kofia,
mwelekezi ni yeye akijikaripia.
Hana ofisi ya kubishia hodi, hana orodha ya Ijumaa.
Ugali haujaiva, watu elfu arobaini wameshatazama,
mmoja Doha kwenye zamu ya usiku,
mwingine Githurai chini ya blanketi,
kila mtu na kioo chake,
na hakuna anayemwambia mwenzake usipumue.

"Nyanya, siku hizi hata ukifuta hakifutiki," anasema.
"Kuna mtu ashakidaka."
Basi nitafutie, nikamwambia, mchezo wa themanini na moja.
Kidole gumba kikakimbia. Alipata mahubiri.
Alipata paka anayepiga kinanda.
Alipata kila kitu kilichotokea duniani
isipokuwa kile nilichokishika mimi kwa mkono huu.

Sikupanga kumweleza, nilimweleza.
Hakusema neno. Alichukua koti langu la mvua,
akasimama mlangoni pa jikoni:
"Mkubwa hayupo, rudini kesho."
Si hivyo, nikasema. Alikohoa kwanza.
Akakohoa.
Si kikohozi cha mgonjwa. Cha mtu aliyelipwa kulinda.
Akakohoa tena, na nikalazimika kushika meza.

Sekunde kumi na moja. Ameniwekea kwenye simu yangu.
Usiku naifungua, sauti chini, asisikie mpangaji.
Kwenye kona pana kipicha kidogo cha pipa la taka
na kidole changu hakijasahau kazi.
Nakihesabia hadi ishirini na tisa,
kisha nailaza simu kifudifudi mezani.